Watoto Wetu Walio Kwenye Dhahabu
Maneno ya mzee mmoja wa shirika siku ya Jubilei



Leo tunafurahi, lakini katika jamaa nyingi za Uvira kuna kiti kitupu. Mwenye kiti hicho yuko Misisi, kupita Fizi, ao yuko Kamituga. Alikwenda kutafuta dhahabu.

Njia hiyo si mpya. Wazee wetu walichimba wakiwa wafanyakazi wa kampuni ya MGL, na tangu mwaka 1976 wa SOMINKI. Mwaka 1982 serikali ya Zaire iliwaruhusu raia wajichimbie wenyewe. Vita vya mwaka 1996 vilipovuruga kazi za huku, wengine wengi wakawafuata.

Kule hakuna mshahara. Mkubwa wa shimo, wanayemwita PDG, huwalisha wachimbaji kwa mkopo mpaka jiwe lenye dhahabu lionekane. Likionekana, deni hutolewa kwanza, ndipo kinachobaki kigawanywe. Lisipoonekana, deni linabaki. Tena mvua haina huruma: tarehe 11 Septemba 2020 mashimo ya Kamituga yalibomoka, wachimbaji wapatao 50 wakafa.

Lakini wengi hawazuiwi na shimo, wanazuiwa na aibu. Kijana alimwahidi mama yake mabati ya nyumba. Atarudije mikono mitupu? Basi ananyamaza mwaka, miaka miwili, na mama anaanza kumlilia kama mfu.

Usiku, kando ya ziwa, tunaona taa za wavuvi wa ndagala, na kila mama anajua: mwanangu yuko pale. Taa ya mchimbaji iko chini ya udongo, hakuna anayeiona.

Nami ninaungama mbele yenu. Mwanangu aliporudi mara ya kwanza, nilimwuliza mlangoni: «Umeleta nini?» Hakujibu. Kesho yake akaondoka tena, na kiti chake kingali kitupu.

Kwa hiyo ninaomba mashirika yetu yafanye neno moja. Tuwapelekee ujumbe, kwa msafiri ao kwa simu, kwamba warudi jinsi walivyo. Na siku watakapofika, tuwaulize kama wamekula. Mwana mpotevu wa Injili alitapanya mali ya babaye, hata hivyo alikimbiliwa na kukumbatiwa. Watoto wetu hawakutapanya kitu, walifanya kazi. Je, tuwapokee vibaya kuliko yeye?

Mungu awalinde, awarudishe.