Mchezo Ulifutwa, Kanda Zikabaki

Juzi usiku nikibadilisha stesheni za dishi nilikutana na Star Trek. NBC ya Marekani iliufuta mchezo huo mwaka 1969, baada ya sehemu 79, kwa kukosa watazamaji wa kutosha. Lakini kanda hazikutupwa. Vituo vingine viliurudia, na mwaka 1998 Sci-Fi Channel, kituo cha hadithi za kisayansi, kikauonyesha upya.

Katika chombo chao cha angani yumo mwanamke mweusi, Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Jina hilo limetokana na neno letu "uhuru".

Mwanangu akauliza, "Baba, michezo yetu ya zamani iko stesheni gani?"

Nilikosa jibu. Anayefuta mchezo asifute kanda. Mtazamaji wake huenda hajazaliwa.