Kipimo cha Mirija ya Uzazi: Mazungumzo na Wakazi wa Kata



Sikusimama hapa kama tabibu. Kazi yangu ni kuwafikishia habari za huduma, na leo nimepewa jambo ambalo kwa desturi zetu husemwa chumbani: kuchelewa kupata mtoto, na picha ya eksirei ya mirija ya uzazi ambayo madaktari huwaagiza baadhi ya akina mama.

Mirija hiyo ni miwili, kila mmoja una urefu wa takribani sentimita 10. Humo ndimo yai hukutana na mbegu ya mwanamume. Mara nyingi huzibwa na makovu ya maambukizi ya zamani: klamidia, kisonono, maambukizi yanayofuata uzazi au mimba kuharibika, hata kifua kikuu. Klamidia huweza kukaa mwilini bila dalili yoyote. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeshuhudia mke akirudishwa kwao kwa tuhuma kwamba "alitoa mimba", ilhali hakuna aliyempima, wala mumewe hakupimwa.

Na mume apimwe kwanza, au wapimwe pamoja. Kupima mbegu hakuna sindano wala mionzi. Kinachohitajika ni kikopo safi na unyenyekevu kidogo.

Katika kipimo cha mirija, mtaalamu hupitisha mpira mwembamba kwenye mlango wa kizazi, akaingiza taratibu dawa inayoonekana katika eksirei, kisha picha hupigwa. Dawa ikimwagika upande wa pili wa mrija, njia i wazi. Kwa kawaida kazi hiyo haizidi nusu saa na mama hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Maumivu yapo, mfano wa yale ya hedhi, nayo huwazidi wengine. Ulizeni mapema kuhusu dawa ya kutuliza.

Siku ya kwenda ndiyo inayowapotezea wengi nauli. Kipimo hufanyika hedhi ikiisha na kabla yai halijapevuka, aghalabu kati ya siku ya 6 na ya 10 tangu damu ilipoanza kutoka, ili mionzi isikute mimba changa. Mama mmoja ninayemfahamu alisafiri akafika siku ya 20, akarudishwa. Hesabuni siku kabla ya kupanda gari. Mwenye homa, uchafu wenye harufu, au mzio wa dawa za aidini aseme kabla ya kulala kitandani.

Majibu nayo yasomwe kwa subira. Mrija huweza kujikaza kwa muda ukaonekana umeziba, ndiyo maana daktari huweza kurudia kipimo au kutazama kwa kamera ndogo inayopitishwa kitovuni. Zaidi ya hayo, utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha wanawake 1,119, ulionesha kuwa ndani ya miezi 6 karibu 40 katika kila 100 waliotumia dawa yenye mafuta walikuwa na mimba, dhidi ya 29 waliotumia dawa yenye maji.

Wenzi waliokaa mwaka mzima bila mimba, au miezi 6 ikiwa mke amevuka miaka 35, waanzie zahanati na kuomba barua ya rufaa. Baada ya kipimo, homa au damu nyingi ni sababu ya kurudi hospitalini usiku huo huo.

Asiyependa kuuliza hadharani, muuguzi wetu amekaa pale chini ya mwembe.