Mkataba wa Nabii Musa: Nasaha kwa Kijana Anayesafiri Kutafuta Elimu na Riziki

(Mada iliyotolewa msikitini, Tanga, baina ya Sala ya Magharibi na Isha)

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Swahaba zake na kila aliyefuata uongofu wake mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Wazee wangu, ndugu zangu Waislamu, mama zetu mlioko nyuma ya pazia, na nyinyi vijana ambao jioni hii mmekuja kwa wingi. Ni ada yetu njema katika msikiti huu kwamba baada ya Sala ya Ijumaa imamu husimama akatutangazia kuwa kijana wetu fulani anasafiri, na akatuomba tumwombee dua. Tunanyanyua mikono, tunaitikia amin, tunampa mkono, na mwenye chochote humtilia mfukoni. Huyu anakwenda Madina kusoma, yule Muscat kuuza duka, na mwingine Riyadh kuendesha gari. Jambo hilo ni jema, wala sikuja kulipinga. Nimekuja kuuliza swali moja tu: miongoni mwetu sisi tunaoitikia amin, ni nani aliyeisoma karatasi aliyotia saini kijana huyo?

Safari yenyewe haina aibu

Tuanze kwa kuondoa dhana potofu. Wapo wanaodhani kwamba kijana anayetoka kwao ameikimbia nchi yake au amekosa kutosheka. Uislamu haukutufundisha hivyo. Katika Suratu Quraysh, Allah (s.w.t.) amewakumbusha Makuraysh neema ya safari zao mbili, ya kusi na ya kaskazi kama ambavyo sisi watu wa pwani tungesema, yaani ya majira ya baridi na ya majira ya joto. Ilikuwa ni misafara ya biashara na ndiyo iliyowalisha. Imamu Shafii, ambaye wengi wa wazee wetu wamelelewa katika madhehebu yake, alizaliwa Gaza mwaka 150 Hijria, akakulia Makka, akasoma Madina kwa Imamu Malik, akafika Iraq, na akafia Misri mwaka 204. Lau angekaa alipozaliwa, elimu ile isingetufikia.

Mimi mwenyewe niliondoka hapa mwaka 2009 nikiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, nikaenda Khartoum kusoma kwa ufadhili. Nilikaa miaka minne katika mji ule, pale Nili ya Bluu na Nili Nyeupe zinapokutana. Nilijua njaa ya mwisho wa mwezi, vumbi linalofunika jua mchana, na aibu ya mwanafunzi anayedhani anajua Kiarabu mpaka muuza maharage wa sokoni amsemeshe asielewe hata neno. Kwa hiyo simwambii kijana asisafiri. Namwambia ajue anaingia katika jambo gani.

Kijana wa Madyan

Mfano bora wa kijana aliyeajiriwa ugenini tunao katika Suratul Qasas, kuanzia aya ya 20 mpaka ya 28. Nabii Musa (a.s.) alitoka Misri akiwa na hofu, hana mzigo wala mwenyeji. Alipofika kwenye maji ya Madyan aliwakuta watu wakinywesha wanyama wao, na wanawake wawili wamesimama kando wakizuia wanyama wao. Aliwanyweshea bila ya kudai ujira. Kisha akarudi kivulini, akamwelekea Mola wake na kueleza kuwa yeye ni mhitaji wa kheri yoyote atakayoteremshiwa.

Tazameni kilichofuata. Mmoja wa wanawake wale alimjia akitembea kwa haya, akamwambia kuwa baba yao anamwita ampe ujira wa kazi ile. Alipofika kwa mzee, binti mmoja alimshauri baba yake amwajiri, kwa kuwa mbora wa kuajiriwa ni mtu mwenye nguvu na mwaminifu. Hapo mzee akaweka masharti yake wazi. Atamwoza mmoja wa mabinti zake kwa sharti kwamba Musa amtumikie miaka minane. Akitimiza kumi, hiyo ni hiari yake Musa. Mzee akasema kuwa hataki kumtia katika mashaka. Musa akakubali kwa sharti kwamba muda wowote atakaoutimiza kati ya miwili hiyo asidhulumiwe, na akamfanya Allah kuwa Mdhamini wa wanayoyasema. Ibn Abbas, kama ilivyopokewa katika Sahihi ya Imamu Bukhari, amesema kuwa Musa alitimiza ule muda mrefu zaidi.

Ndugu zangu, hebu tuyahesabu yaliyomo katika mkataba huu. Mwajiri anajulikana, na Musa ameketi naye uso kwa uso. Ujira umetajwa. Muda umetajwa, na ziada ya muda ni hiari wala si lazima. Mwajiri ameahidi kutomkalifisha. Mfanyakazi naye ana sifa mbili, nguvu na uaminifu, na alitimiza zaidi ya alichowajibishwa. Huyu alikuwa mgeni, mkimbizi, hana ndugu katika mji ule, na pamoja na hayo hakuna lililoachwa gizani.

Karatasi niliyoisoma mimi

Sasa naomba niwasimulie jambo ambalo nimelinyamazia kwa muda mrefu. Miaka kadhaa iliyopita, kijana mmoja niliyemfundisha hapa madrasa tangu alifu alipata kazi Saudi Arabia kupitia kwa wakala. Aliambiwa kuwa atakuwa dereva wa kampuni. Mama yake, ambaye ni mjane, aliuza shamba lake la ekari mbili ili kulipia gharama za wakala. Usiku mmoja walinijia nyumbani na karatasi ya mkataba iliyoandikwa kwa Kiarabu. Mama yule akaniambia, "Ustadhi, sisi hatujui. Soma utuambie."

Niliisoma. Niliona jina la kijana, mshahara na miaka miwili. Kwenye nafasi ya kazi paliandikwa "amil manzili", yaani mfanyakazi wa nyumbani. Nikawaambia kuwa ni kazi ya nyumbani kwa mtu, pengine atamwendesha mwenye kampuni, na kwamba mkataba ni mzuri. Nikasoma dua na mama yule akalia kwa furaha. Nami, Allah anisamehe, nilifurahi kuonekana kuwa ndiye mwenye kujua.

Sikuyajua maana ya maneno yale mawili. Kiarabu nilikijua, sheria yake sikuijua. Sheria ya Kazi ya Saudi Arabia ya mwaka 2005 haikuwaingiza wafanyakazi wa nyumbani katika hifadhi yake. Wao waliwekewa kanuni zao za peke yao mwaka 2013. Na dereva wa nyumbani huhesabiwa pamoja na mpishi na mtumishi wa ndani. Hata mageuzi ya Machi 2021, yaliyowaruhusu wafanyakazi wa kampuni binafsi kuhama mwajiri bila ya ridhaa yake kwa masharti maalumu, hayakuwahusu watu wa majumbani. Kwa neno lile moja, kijana wetu alikuwa ameshatoka katika sheria moja na kuingizwa katika nyingine kabla hajapanda ndege.

Alipofika, pasi yake ya kusafiria ilichukuliwa. Asubuhi aliendesha gari la watoto, na jioni alifanyishwa kazi katika shamba la mitende. Miezi minne hakulipwa. Hakuweza kuondoka, kwa sababu ikama yake ilifungamana na yule aliyemleta, na anayeondoka bila ya ruhusa huweza kuripotiwa kuwa ni mtoro akakamatwa. Alirejea baada ya miezi kumi na minne kwa hati ya dharura ya kusafiria. Shamba la mama yake halikurejea. Mama yule hukutana nami njiani hadi leo, na bado huniamkia kwa heshima. Hajapata kunilaumu hata siku moja, nami ningeona nafuu lau angenilaumu.

Neno kafala

Utaratibu huo hujulikana kwa jina la kafala. Sisi tuliosoma fiqhi tunalijua neno hili, nalo ni neno tukufu. Kafala katika fiqhi ni dhamana: mtu anajitwika mzigo wa mwenziwe ili mwenziwe apate wepesi. Katika Suratu Aal Imran tunasoma kuwa Allah alimfanya Zakaria (a.s.) kuwa mlezi wa Maryam, na neno lililotumika pale linatokana na asili hiyo hiyo. Zakaria hakumlea Maryam ili amtumikishe, wala hakumzuia asitoke ili apate faida kwake.

Tusidhulumu katika kusema. Wapo waajiri wacha Mungu katika nchi za Ghuba, na wapo vijana wetu waliojenga nyumba na kuwasomesha wadogo zao kwa riziki ya huko. Sheria pia zinabadilika. Qatar, kwa mfano, mwaka 2020 iliondoa sharti la ridhaa ya mwajiri kwa mfanyakazi anayetaka kuhama, wakiwemo wa majumbani. Lakini Mwislamu kumdhulumu Mwislamu mwenziwe kwa jina la dhamana ni dhulma mara mbili. Mtume (s.a.w.) ametufikishia kuwa Allah mwenyewe atakuwa hasimu, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemwajiri mfanyakazi, akaipata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake.

Na mwanafunzi naye

Anayekwenda kusoma asidhani kuwa maneno haya hayamhusu. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, Al-Azhar ya Cairo na vyuo vinginevyo vimewapokea vijana wetu kwa ufadhili, na Allah awalipe kheri. Lakini ufadhili nao ni mkataba. Uliza unalipia nini: malazi, chakula, tiketi ya kwenda tu au na ya kurudi? Uliza kama Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania itakitambua cheti utakachorudi nacho, maana nimewaona wanazuoni wazuri waliorejea na elimu nyingi, kisha wakashindwa kuajiriwa hata katika shule ya serikali.

Tarehe 15 Aprili 2023 vita vilizuka Khartoum, mji ule niliosomea. Wanafunzi wetu wakaondolewa kwa mabasi mpaka Ethiopia. Kijana mmoja ninayemfahamu alikuwa mwaka wa mwisho. Aliwasili nyumbani na begi moja, hana cheti wala karatasi ya matokeo, na ofisi iliyotunza kumbukumbu zake ilikuwa katikati ya mapigano. Kila mwaka unapomalizika, enyi wanafunzi, chukueni nakala ya matokeo yenu iliyopigwa muhuri na muitume nyumbani.

Wajibu wetu sisi tunaobaki

Aya ndefu kuliko zote katika Qur-aan tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii Sala wala Saumu. Inazungumzia kuandikiana deni. Ndani yake Allah anaamrisha kuwa mwandishi aandike kwa uadilifu, na asikatae kuandika kama alivyofundishwa na Allah. Anaamrisha washuhudie mashahidi, na anatukataza kuchoka kuandika, likiwa jambo dogo au kubwa, pamoja na muda wake. Mimi niliyefundishwa nilisoma nusu nikanyamazia nusu. Sitaki jambo hilo lirudiwe na mwingine.

Kwa hiyo nakuombeni mambo manne.

Kwanza, tuliosoma Kiarabu tukae hapa msikitini kila Jumamosi baada ya Isha. Familia yoyote yenye mkataba iulete, usomwe wote kwa Kiswahili mbele ya mzazi na kijana mwenyewe: jina la mwajiri, aina ya kazi, ujira, muda, siku ya mapumziko na nani atalipa tiketi ya kurudi. Tusilolijua tuseme hatulijui, na tukamuulize mwanasheria.

Pili, kabla ya kumlipa wakala, kijana aende katika ofisi ya serikali inayosimamia huduma za ajira aulize kama mtu huyo ana leseni. Asiyetaka kuulizwa, tusimpe fedha.

Tatu, msikiti uweke daftari la wasafiri na nakala ya pasi, viza na mkataba wa kila mmoja, pamoja na namba ya ubalozi wetu katika nchi anayokwenda. Anayetaka kumsaidia mtu aliye mbali huanza kwa kuulizwa karatasi hizo.

Nne, wazazi tusimwambie kijana kwamba akirudi mikono mitupu ametuaibisha. Yule kijana wangu alivumilia miezi minne bila ya mshahara kwa sababu aliona haya kumwambia mama yake. Na wewe kijana, usiende na cheti cha kughushi, usivunje ahadi uliyoiweka kwa hiari, na uwe kama Musa, mwenye nguvu na mwaminifu.

Baada ya hayo yote, Ijumaa ikifika na imamu akituomba, tutanyanyua mikono na kuitikia amin kama kawaida yetu. Dua ya mtu aliyeisoma karatasi kwanza haina upungufu wa tawakali. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kisha ategemee.

Namwomba Allah (s.w.t.) awahifadhi vijana wetu walioko mbali, awarudishie haki zao waliodhulumiwa, na atusamehe sisi tuliowapeleka bila ya kuwaonesha njia.

Wabillahi Taufiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.