Hotuba juu ya Uraibu wa Kalamu za Wino



Tumeombwa na Halmashauri tuseme maneno machache juu ya jambo ambalo wengine wenu hulicheka, na wengine, twajua, hulifanya kwa siri: kukusanya kalamu za wino na chupa za wino. Sisi tunaosema mbele yenu ni kikundi kidogo cha makarani, walimu na matabibu wakaao Kinondoni, Magomeni, Temeke na Tandika. Hatuna shahada katika elimu hii illa mapenzi yetu kwayo, basi twaomba mtuvumilie.

Kwanza hatuna budi kujibu neno moja lisemwalo sana, kwamba kalamu ya wino ni kitu cha kigeni na kwamba mwenye kuipenda anajikuza. Pwani hii imejua wino kabla ya serikali yoyote iliyotuajiri sisi au babu zetu. Walimu na washairi wa Pate na Lamu waliandika kwa kalamu ya unyasi, iliyochongwa kwa kisu na kukatwa ncha kwa mshazari. Utenzi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka wa 1728 kwa herufi za Kiarabu, na mji wa Siyu, katika kisiwa kile kile, ulisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa misahafu iliyonakiliwa na kupambwa kwa mkono. Wala wazo la kalamu ibebayo wino wake ndani si geni kwa watu wa Mashariki. Kadhi al-Nu'man, aliyefariki Misri mwaka wa 974, amesimulia kwamba Khalifa al-Mu'izz alitaka atengenezewe kalamu isiyohitaji kuchovywa, ambayo hata ikipinduliwa haitadondosha wino wala kuchafua mikono na nguo. Karani yeyote aliyewahi kupanda daladala ya Mbagala na kalamu mfukoni mwa shati jeupe atauelewa moyo wa Khalifa yule.

Kalamu kama tuijuavyo ilipata nguvu kwa Lewis Waterman wa New York, aliyepewa hataza yake mwaka wa 1884. Kabla yake, na kwa miaka mingi baada yake, kazi ya ofisi ilifanywa kwa mpini wa mti wenye ncha ya chuma, na ncha hizo kwa wingi zilitoka Birmingham katika Uingereza. Karani alichovya, akaandika maneno machache, akachovya tena, na karatasi ya kukaushia ilikuwa karibu na mkono wake daima. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu mwaka wa 1926 hata 1944. Na katika siku zile mwandiko wa karani ulikuwa mtaji wake. Mtu aliweza kupandishwa cheo, au kunyimwa, kwa sababu ya mwandiko.

Baadaye ikaja kalamu ya kitufe. László Bíró wa Hungaria aliipatia hataza mwaka wa 1938, na Bic ya Ufaransa iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1950 ikaishusha thamani hata kila mtoto wa shule akaweza kuwa nayo. Hatuidharau. Imefundisha watu wengi kuandika kuliko dhahabu yote ya Montblanc. Tena twaitumia wenyewe katika fomu zenye nakala tatu, maana hapo panatakiwa kukandamiza, na ncha ya kalamu ya wino haikubali kukandamizwa.

Sasa, uraibu huanzaje? Twasema kwa hakika kwamba hauanzi kwa kalamu. Huanza kwa wino. Mtu hununua kalamu moja, pengine Hero ya Shanghai kama zile tulizozikuta shuleni, akaridhika. Ndipo siku moja humwona mwenzake ana wino wa rangi ya zambarau iliyoiva, au wa buluu-nyeusi kama bahari ya Kigamboni jioni, naye moyo humtoka. Hununua chupa. Kisha huona kwamba wino ule wataka kalamu yake peke yake, kwa kuwa ni taabu kuosha kalamu kila siku. Hununua kalamu ya pili. Kalamu ya pili ina ncha nyembamba zaidi, nao wino wa kwanza waonekana hafifu ndani yake. Basi hutafutwa mwingine. Hivyo chupa huzaa kalamu, na kalamu huzaa chupa.

Natuhesabu kidogo. Chupa ya kawaida ni mililita 50. Bomba dogo la ndani ya kalamu huchukua kadiri ya mililita moja, au pungufu. Anayejaza mara moja kila juma atakaa na chupa moja mwaka mzima. Mshiriki mmoja mwenye umri wa miaka 52 alitufungulia kabati lake huko Kinondoni, akatuonyesha chupa 31. Tulimkumbusha kwamba kwa sheria atastaafu akitimiza miaka 60, na kwamba kwa wino ule aweza kuandika hata afike 83. Alicheka, akasema kwamba bibi yake alikwisha kumpigia hesabu hiyo hiyo, tena kwa sauti kubwa kuliko yetu.

Walakini si yote ya kucheka. Zipo kalamu za Japani na Ujerumani ambazo bei yake yalingana na mshahara wa mwezi wa mtumishi wa daraja la chini, na juu ya bei kuna nauli ya posta na ushuru. Twajua watu waliokopa katika chama cha akiba na mikopo wakaandika kwamba mkopo ni wa kumalizia nyumba. Maoni yetu ni makali katika jambo hili: mkopo ulioombwa kwa bati na saruji ukanunuliwa kalamu ni uwongo ulioandikwa kwa wino mzuri. Katika kikundi chetu tumepatana kwamba kalamu hununuliwa kwa fedha iliyokwisha kupita mikononi mwa mwenye nyumba ndogo na mkubwa, yaani baada ya kodi, chakula na ada. Aliye na hamu isiyongoja huazimwa kalamu ya mwenzake kwa mwezi mmoja. Mara nyingi mwezi haujaisha hamu imekwisha.

Juu ya kuzitunza, hewa ya Dar es Salaam si rafiki. Kalamu hufanya kazi kwa mapatano ya wino na hewa: wino ukishuka katika vijia vyembamba vilivyo chini ya ncha, hewa hupanda kushika nafasi yake. Joto huipanua hewa ile, nayo husukuma wino nje. Kwa sababu hiyo kalamu iliyo nusu tupu hutapika upesi kuliko iliyojaa, maana ina hewa nyingi zaidi ya kupanuka. Mwenye kusafiri kutoka Temeke mpaka mjini wakati wa jua na aijaze au aimwage kabisa, tena aichukue ncha ikitazama juu. Wakati wa masika karatasi hunywa unyevu, na maandishi huchipuka miguu kama ya tandu. Hapo ncha nyembamba ndiyo yenye manufaa. Kuosha ni kwa maji baridi yaliyo safi. Maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi, nayo chumvi hubaki ndani. Afadhali ya mvua au yaliyotoneshwa. Maji ya moto hayafai kamwe, hasa kwa kalamu kuukuu za mpira mgumu, ambazo hupoteza weusi wake zikawa rangi ya matope. Wala msitie wino wa kuchorea, ule wa wachora ramani: una kinata ndani yake, na ukikauka kalamu imekufa.

Kwa karani lipo jambo zito zaidi ya rangi. Wino mwingi wa buluu uuzwao madukani umetengenezwa uoshwe utoke katika nguo za watoto wa shule. Wenye kuutia katika leja au hati ya kiwanja wameandika juu ya maji. Wino wa zamani wa buluu-nyeusi ulitengenezwa kwa chumvi ya chuma na maji machungu ya vivimbe vya mwaloni. Huwa hafifu unapoandikwa, kisha hewa huutia weusi, nao huuma karatasi usitoke. Huo ndio ambao wasajili wa vizazi na ndoa katika Uingereza walitakiwa kuutumia kwa miaka mingi. Una tindikali, basi haufai kulala ndani ya kalamu miezi miwili. Siku hizi majalada mengi yapita ndani ya kompyuta, lakini wosia, mkataba wa kiwanja na barua ya mjumbe bado ni karatasi. Na tumeona katika mitaa yetu kesi za viwanja zikisimama juu ya saini iliyofifia.

Mwisho twataka kusema jambo lililotufanya tuukubali mwaliko huu. Katika nyumba za Temeke, Ilala na Kinondoni zimebaki kalamu za wazee waliotumikia serikali: Parker 51, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1941, Duofold iliyo kongwe kuliko hiyo, Sheaffer, Pelikan. Zimo ndani ya mkebe pamoja na cheti cha ubatizo au cha chuo, stakabadhi na picha. Mzee akifa, vijana huuona mkebe. Wengine hupeleka kalamu kwa sonara, ambaye huing'oa ncha yenye dhahabu, isiyofika mara nyingi gramu moja, na kinachobaki hutupwa. Na wengine huiuza kwa mkusanyaji ajuaye thamani yake, naye hunyamaza. Mkusanyaji wa namna hiyo hurudi kwa wenzake akajisifu kwamba ameokota. Sisi twasema hakuokota. Amekula mali ya mjane, na hatukai naye meza moja.

Mwaka uliopita kijana mmoja wa Temeke alituletea kalamu ya marehemu babu yake, Parker 51 yenye jina limechorwa ubavuni. Alitaka nauli tu. Tulimwambia bei yake ya kweli, naye hakuamini, akadhani twamdhihaki. Tuliilaza ndani ya maji usiku mmoja, na asubuhi bakuli lilikuwa buluu tupu, wino aliouacha mzee ndani. Tukaijaza, akaandika jina la babu yake, akaichukua akaenda zake. Mwezi wa pili alirudi kuiuza, kwa kuwa ada ya chuo ilikuwa imefika siku yake, wala hatuoni la kumlaumu. Watu wanne katika sisi walichanga wakampa bei ile ile iliyotajwa siku ya kwanza. Kalamu si mali ya mmoja wao. Inakaa kwa mwandishi wa kikundi, nayo hutiwa wino na kuandikiwa kumbukumbu za mikutano ili isikauke. Katika daftari imeandikwa kwamba kijana yule akiitaka ataipata kwa fedha ile aliyopokea, bila kuongezwa hata senti.

Basi, Bwana Mwenyekiti, kwa ruhusa yako tumeweka juu ya meza ya dirishani kalamu sita na chupa tisa, na karatasi za kutosha. Kila mmoja na aje aandike jina lake kwa wino autakao. Tunachoomba ni mambo mawili tu: msikandamize ncha, na aliye na mkebe wa mzee nyumbani asiufungue kwa sonara kabla ya kutuonyesha. Kutazama na kutaja thamani hatutozi kitu. Wenye shati jeupe wasimame mbali kidogo na chupa nyekundu, maana kifuniko chake hakikazi vema.