Shela Lisisubiri Ahadi

Leo nina maneno na bibi harusi mtarajiwa ambaye siku zimemkaribia na shela hajalipata. Nina maneno pia, na pengine zaidi, na mwenyekiti wa kamati yake, mweka hazina, na yule shangazi ambaye akikohoa tu kikao kizima kinanyamaza.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania, ya mwaka 1971, inawataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa siku 21 kabla, isipokuwa wakipewa kibali maalumu. Kanisa Katoliki nalo lina desturi ya kusoma matangazo Jumapili tatu. Kwa hiyo hata harusi ya haraka, ile inayowafanya majirani waanze kuhesabu miezi kwa vidole, mara nyingi ina wiki tatu mbele yake. Wiki tatu zinatosha kununua shela lililo tayari, kulirekebisha na kulivaa kwa raha. Zinatosha endapo fedha ipo mkononi mapema na wasemaji ni wachache. Hapo ndipo penye kazi.

Utasikia watu wakisema mabinti wa siku hizi wanachelewa kwa sababu wanachagua mno. Mimi sikubali. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anajua fedha inavyotembea. Mwenyekiti anasimama na karatasi yake: ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, mshereheshaji, muziki, picha, keki, magari. Shela halimo. Katika familia nyingi shela ni jukumu la bwana harusi, na bwana harusi mwenyewe mfuko umeshatoboka kwa mahari na arbuni ya ukumbi, kwa hiyo anangoja michango. Na michango tunaijua. Ahadi hutolewa siku ya kwanza kwa makofi, fedha huingia wiki ya mwisho kwa simu za kubembelezana. Matokeo yake gauni la sendofu, ambalo hugharamiwa na upande wa binti, limeshashonwa na kupigwa pasi, ilhali shela la ndoa yenyewe linatafutwa Jumatatu kwa harusi ya Jumamosi.

Ukifika hapo, jambo la kwanza ni kuachana na wazo la kuagiza nje. Najua picha za kwenye simu zinavutia. Mashela mengi yanayoning'inia kwenye maduka yetu yametoka China, ambako miji kama Suzhou na Chaozhou inajulikana kwa kazi hiyo, na mengine Uturuki. Lakini lililoko dukani limeshavuka bahari. Lako la kwenye picha bado. Hata Marekani, oda ya shela dukani kwa kawaida huchukua miezi minne hadi sita au zaidi, na bado hujafika kwa fundi. Mwezi Julai mwaka 2017 kampuni ya huko iitwayo Alfred Angelo ilifunga maduka yake ghafla, na maharusi waliokuwa wameshalipa wakabaki na risiti bila nguo.

Wala kununua lililo tayari si aibu ya mtu aliyekosa. Katika mji wa Boston duka la Filene's Basement lilianza mwaka 1947 kuuza mashela kwa bei ya kutupa kwa siku maalumu. Milango ikifunguliwa, wanawake waliingia mbio, wakakumbatia kila kilichotundikwa, kisha wakavua na kujaribu palepale katikati ya duka. Sisemi tufike huko. Nasema tu kwamba waliokuwa wakikimbia walijua wanachokifanya: shela unaloweza kulivaa leo unalijua, la kwenye picha unalidhania.

Na kukodi je? Kukodi ni jambo la busara kwa wengi, na mimi ningekodi bila kigugumizi. Ila lina sharti moja ambalo mwenye haraka lazima alifahamu. Mwenye shela hatakuruhusu ulikate. Fundi atalikunja kwa nyuzi na pini, na baada ya harusi linarudi jinsi lilivyokuwa. Kama mwili wako na shela hilo vinapishana kidogo, kodi. Kama vinapishana sana, hasa kwa urefu, nunua, hata kama ni la bei ya chini, ili fundi awe huru na mkasi wake.

Sasa tuingie dukani. Sahau namba unayovaa siku zote. Namba za mashela zina ulimwengu wake, na mara nyingi ni ndogo kuliko za nguo za kawaida. Mwenye kuvaa 12 anaweza kukuta anaingia kwenye 16. Usilie na usianze kujinyima chakula. Chukua futi, pima kifua, kiuno na nyonga, halafu chagua shela kwa kufuata sehemu yako iliyo pana zaidi. Kupunguza ni kazi ya fundi ya muda mfupi. Kuongeza kunahitaji kitambaa cha akiba kwenye mishono ya ndani, na viwanda huwa havina ukarimu huo. Geuza shela nje ndani uone mwenyewe.

Mgongoni, kama muda ni mfupi, mimi nasema kamba kuliko zipu. Zipu haina huruma. Wiki ya harusi mwili hautulii: kuna wanaokonda kwa mawazo na kuna wanaonawiri kwa pilau ya kichenpati. Kamba zinakaza na kulegeza, na zipu ikigoma saa nne asubuhi huku gari liko nje, hakuna wa kumlaumu.

Pindo ndilo linalowashtua wengi. Shela ambalo pindo lake limezungushiwa leisi halikatwi kama suruali ya shule. Fundi lazima abandue leisi yote, apunguze kitambaa, kisha airudishe kwa mkono, na ni kazi ya kula siku. Kwa hiyo nunua kiatu kwanza, uende nacho dukani. Wakati mwingine kisigino kirefu kidogo kinaokoa pindo zima. Vaa na sidiria utakayoivaa siku hiyo. Ukishalivaa, usisimame tu mbele ya kioo huku rafiki anapiga picha. Kaa. Piga magoti kama utakavyopiga altareni. Inua mikono, panda ngazi mbili tatu, kata kiuno kidogo. Shela linalokubana ukiwa umekaa litakutesa ukumbini usiku kucha, tena mbele ya kamera.

Kisha toka nalo hadi mlangoni, kwenye mwanga wa jua. Taa za dukani zina hila. Nyeupe na rangi ya maziwa hufanana ndani, zikitoka nje zinagombana. Angalia shingoni kama kuna alama za vipodozi vya waliojaribu kabla yako, angalia chini kama pindo limekokota vumbi. Doa si lazima likufukuze, lakini ni sababu nzuri ya kuomba bei ipungue. Kama ni harusi ya Dar es Salaam mwezi wa Desemba au Januari, shika kitambaa chenyewe: satini nzito ya poliesta yenye tabaka za ndani haipitishi hewa, na jasho halijui kama wewe ndiye bibi harusi. Na kabla ya kulipia lililo wazi mabegani, muulize padri au mchungaji wako. Makanisa mengi hayalikubali, na koti fupi la leisi la kutafuta Ijumaa jioni halipatikani kirahisi.

Kwenye kulipa, soma lile tangazo la ukutani, mali ikishauzwa hairudishwi. Basi maneno yote yaishe kabla ya fedha kutoka. Dai risiti ya EFD, na yaandikwe yaliyomo kwenye bei: veli, sketi ya ndani, marekebisho, na siku ya kukabidhiwa.

Fundi nenda naye dukani, au angalau mtumie picha ya mishono kabla hujalipa. Yeye ndiye anayejua kinachowezekana. Mpangie siku ya kumaliza iwe Jumanne au Jumatano, kwa maana sote tunaijua njoo kesho ya mafundi, na nyingine ni ya kweli: Mfunguo Mosi, wiki za baada ya Pasaka na mwezi wa Desemba, cherehani hazipoi. Nguo ikiwa tayari, itundike na uinyooshe kwa mvuke. Pasi ya moto juu ya poliesta imeshaharibu mashela ya kutosha.

Wa kukusindikiza wawe wawili. Mmoja anayejua nguo, mmoja anayekujua wewe. Wengine wataliona kanisani au ukumbini kama wageni wengine. Nimeshaona shela lililompendeza binti likirudishwa kwenye hanga kwa sababu ya maoni ya kundi la simu lenye watu ambao nusu yao hawajatoa hata ahadi.

Mwenyekiti, nakuomba jambo moja kwenye kikao cha wiki hii. Mchango wa kwanza kuingia, hata kabla ya keki, mkopeshe bwana harusi alipie shela na ujira wa fundi, na akurudishie ahadi za upande wake zikitimia. Keki inaweza kupunguzwa ghorofa mbili na hakuna atakayekumbuka. Nawe shangazi, twende dukani, karibu sana, lakini kauli ya mwisho mwachie atakayelivaa.