Mafunzo ya Uraia Mtandaoni na Mtoto wa Manyovu

(Mazungumzo mbele ya walimu wa shule za msingi na watumishi wa kata, Manyovu, mkoani Kigoma)



Nimeombwa niseme machache juu ya mafunzo ya uraia yapatikanayo katika intaneti kwa ajili ya watoto na walimu wao. Yapo, tena si haba. Taasisi ya Elimu Tanzania inayo Maktaba Mtandao ambamo vitabu vya kiada husomwa bila malipo. Katiba ya mwaka 1977 imo mtandaoni kwa Kiswahili. Bunge nalo huweka Taarifa Rasmi za majadiliano yake, hata mtoto wa darasa la sita aweza kujisomea Mbunge aliuliza nini na Waziri akajibu nini. Waliosoma somo la Siasa enzi za chama kimoja hawakuipata neema hiyo. Wao walingoja gazeti, na gazeti la huku milimani lilikuwa likifika limekwisha kuwa historia.

Basi taabu yetu si uhaba wa maandishi. Taabu ni kwamba maandishi yakishawekwa mtandaoni, twadhani kazi imekwisha. Anwani ya ukurasa hutumwa katika kundi la simu la walimu, kisha taarifa huandikwa kwamba shule imefikiwa. Imefikiwa na nani? Watoto hawana simu. Mwalimu anayo, lakini kifurushi hukinunua kwa fedha yake mwenyewe, na jioni ana mengine ya kusoma.

Jambo hili si geni nchini. Mwaka 1970 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kwa redio kampeni ya kuwaelimisha wananchi juu ya uchaguzi, iliyoitwa Uchaguzi ni Wako. Mwaka 1973 ikafuata Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao milioni 2 walishiriki. Redio wakati ule ilikuwa kama intaneti leo: chombo kipya, sauti ya mbali, sifa nyingi. Lakini waandaaji hawakukiachia chombo kazi yote. Watu walikusanywa katika vikundi. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, na vijitabu vilichapwa. Kipindi kikiisha redio ilizimwa, ndipo somo likaanza. Watu walijadiliana, wakaamua, na katika Mtu ni Afya wakaenda wakachimba vyoo. Naona hapo ndipo penye siri yote: redio ilizimwa.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Mwalimu mmoja apakue kurasa mbili tatu siku anapokuwa penye mtandao mzuri, atoe nakala chache kwenye duka la fotokopi, simu aiweke mfukoni, watoto wasome na kubishana. Aangalie pia tarehe ya kilichoandikwa. Ukurasa wa kabla ya mwaka 2012 utamwambia mtoto wa Manyovu kwamba anaishi Wilaya ya Kasulu, hali wilaya yake leo ni Buhigwe.

Lakini kuna jambo zito zaidi, ambalo hakuna kitabu cha nchi nzima kitakachotufanyia. Mtoto wa hapa huiona Serikali kabla hajajua kusoma. Huiona kwenye kizuizi cha barabarani, kwa watu wa Forodha na Uhamiaji. Ng'ambo ya mpaka ni Mugina, Burundi, na Kirundi kinachosemwa huko na Kiha chetu vinasikilizana. Mtoto huyu atakuuliza swali lisilokuwamo kitabuni: shangazi yangu aliyeolewa ng'ambo, yeye ni raia wa wapi? Mwalimu asimfokee. Swali hilo ndilo somo lenyewe. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 yataja njia tatu, yaani kuzaliwa, kurithi na tajnisi, na kila moja ina masharti yake. Ifunguliwe, isomwe pamoja na watoto.

Mkoa huu umewapokea wakimbizi wa Burundi mwaka 1972, tena 1993, tena 2015. Mwaka 2014 nchi yetu iliwapa uraia wa tajnisi watu wapatao 162,000 waliotokana na wakimbizi wale wa 1972. Hao leo ni Watanzania, wala si wageni tuliowavumilia. Mtoto asiyeweza kumpambanua raia, mkimbizi na mgeni mwenye kibali atakua akiogopa kila mwenye sare, au atakua akimdharau jirani yake kwa matamshi tu. Na yeye mwenyewe, akifika miaka 18 bila kujua barua ya mtendaji ni nini, cheti cha kuzaliwa cha RITA ni nini, na kitambulisho cha NIDA hutolewa kwa ushahidi gani, atakwama dirishani wakati wenzake wa Morogoro wanapita. Kwa kijana wa mpakani makaratasi haya si mapambo.

Mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024 imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Jina limebadilika, kama lilivyobadilika kutoka Siasa kuwa Uraia baada ya mfumo wa vyama vingi kuingia mwaka 1992. Nafasi ya kufundisha tuliyokuwa nayo bado tunayo.

Kwa kuanzia, naomba darasa la sita wasome habari za Mkutano Mkuu wa Kijiji, uliowekwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza miaka 18. Kisha watumwe kwa mtendaji wa kijiji wakaulize mkutano wa mwisho ulifanyika lini, na taarifa ya mapato na matumizi ilibandikwa wapi. Ndugu watendaji, watoto hao wakija na madaftari yao, wapeni viti.