Mchezaji Anayejitegemea: Hali ya Badminton ya Wanaume Mmoja Mmoja nchini Malaysia

Malaysia haijawahi kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika mchezo wowote. Kwa muda mrefu tumaini la kuipata limewekwa kwenye raketi, na zaidi kwenye raketi ya mwanamume anayesimama peke yake upande wake wa wavu. Makala hii inatazama hali ya wanaume hao leo. Hoja yake ni kwamba vipaji vipo, ila mchezaji anayeamua kujitegemea bado hajatengenezewa utaratibu wa kumlinda.

Urithi wenyewe ni mzito. Kuanzia 1950 hadi 1957, mataji yote manane ya mashindano ya All England kwa wanaume mmoja mmoja yalichukuliwa na Wong Peng Soon na Eddy Choong, manne kila mmoja. Rashid Sidek akarudi na shaba ya Olimpiki kutoka Atlanta 1996. Kisha akaja Lee Chong Wei, aliyekulia Bukit Mertajam, Penang. Alishika nafasi ya kwanza duniani kwa jumla ya wiki 349 na kucheza fainali tatu za Olimpiki mfululizo, akishindwa na Lin Dan mwaka 2008 na 2012, na Chen Long mwaka 2016. Ile ya London mwaka 2012 iliamuliwa kwa 21–19 katika seti ya tatu. Saratani ya pua ndiyo iliyomlazimisha kustaafu Juni 2019, na macho ya taifa zima yakahamia kwa kijana mmoja kutoka Alor Setar.

Kijana huyo, Lee Zii Jia, hakuchelewa. Machi 2021 alimshinda Viktor Axelsen katika fainali ya All England, baada ya seti ya kwanza iliyokwenda hadi 30–29, alama ya mwisho kabisa inayoruhusiwa na kanuni. Chini ya mwaka mmoja baadaye aliamua kuondoka kambi ya taifa na kucheza kwa kujitegemea.

Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Kwa utaratibu wa shirikisho la dunia, jina la mchezaji huingizwa mashindanoni kupitia chama cha nchi yake. Asiye na baraka za chama hana mlango wa kupitia, hata awe bingwa. Januari 2022 Chama cha Badminton cha Malaysia kilitangaza kutomsajili Lee Zii Jia kwa miaka miwili; adhabu hiyo ilimgusa pia Goh Jin Wei wa upande wa wanawake. Umma ulipaza sauti, mazungumzo yakafanyika, na baada ya siku chache adhabu ikaondolewa. Chama kilikuwa na haki ya kulinda fedha kilizowekeza kwa vijana wake. Lakini kumfungia mchezaji aliye katika ubora wake kwa miaka miwili ilikuwa adhabu iliyopita kiasi, na matokeo yaliyofuata yanathibitisha hivyo: Aprili mwaka huohuo alikuwa bingwa wa Asia mjini Manila, Mei akatwaa Thailand Open, na mwaka 2024 akapanda jukwaani kwenye Olimpiki ya Paris akiwa na shaba baada ya kumshinda Lakshya Sen kwa 13–21, 21–16, 21–11.

Wala hakuwa wa kwanza kung'ara akijitegemea. Liew Daren alipata shaba ya ubingwa wa dunia huko Nanjing mwaka 2018 akiwa nje ya kambi ya taifa.

Hata hivyo, njia hii ina gharama ambayo mashabiki hawaioni. Kocha, mwenza wa mazoezi, mtaalamu wa viungo, tiketi za ndege na hoteli: vyote hulipwa kutoka mfuko wa mchezaji na wadhamini wake. Lee Zii Jia aliweza kwa sababu jina lake lilivuta udhamini, na baadaye serikali ikamwingiza katika mpango wake wa kusaka dhahabu ya Olimpiki. Mchezaji anayetolewa raundi ya kwanza kila wiki hana uwezo huo. Na mwili ukigoma, hata nyota huteseka. Kifundo cha mguu kilimwangusha Lee Zii Jia kwenye fainali za msimu mjini Hangzhou, Desemba 2024, na sehemu kubwa ya 2025 ikapita akiwa nje, huku nafasi yake duniani ikiporomoka. Walio ndani ya kambi nao huumia. Ng Tze Yong, mshindi wa medali ya fedha ya Michezo ya Jumuiya ya Madola 2022, alirudishwa nyuma na mgongo. Tofauti ni kwamba kambi ina madaktari na mshahara wakati wa kuuguza jeraha.

Kumwajiri Mdenmark Kenneth Jonassen kuongoza mafunzo ya mmoja mmoja kunaonyesha kwamba chama kinataka kujenga kundi zima badala ya kumtegemea mtu mmoja. Hatua hiyo ifuatwe na makubaliano ya maandishi na wanaojitegemea. Wao waahidi kuitikia wito wa timu ya taifa kwa mashindano ya Thomas Cup. Chama kiwaingize mashindanoni bila vitisho, kiwafungulie viwanja na wataalamu wa viungo wa chuo chake cha Bukit Kiara, na kiwakatie bima ya majeraha. Anayestahili kufikiriwa kwanza katika makubaliano hayo ni mchezaji asiye na mdhamini.